Bao, nyumba na ukoo

Hapa Kalemie karibu kila mtu amemwona mzee anayekaa chini ya mwembe na ubao wa bao mbele yake, na wengi tulisikia mama mmoja akisema: "Ule hana kazi, anachezaka tu." Sisi tunataka kumtetea kidogo yule mzee. Ubao wake una historia, tena historia ya wafalme.

Tuanze na mchezo wenyewe. Bao la Kiswahili, lile la watu wa pwani, lina safu nne za mashimo manane na kete 64. Kila upande una shimo moja linaloitwa nyumba. Mchezaji anaanza na kete sita ndani ya nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 anaziweka akiba. Waluba na Walulua nao wana ndugu ya bao, kisolo, chenye safu nne vilevile. Jambo la kushika ni hili: katika mchezo wa damu, kinacholiwa kinatoka nje. Katika bao hakuna kete inayotoka. Ukila kete za mwenzako, unazipanda katika mashimo yako, na tangu hapo zinakufanyia kazi wewe. Mwisho wa mchezo kete ni zilezile 64. Kilichobadilika ni nani anakaa kwa nani.

Koo za wakubwa zilijengwa hivyohivyo. Zamani ardhi ilikuwa nyingi, watu wachache. Ukubwa wa chifu ulihesabiwa kwa watu: wake, watoto, wapwa, wageni walioomba kulindwa, mateka. Kule Kasai Wakuba walilionyesha wazi. Sanamu ya mti ya mfalme Shyaam a-Mbul a-Ngoong, wa karne ya 17, ambaye masimulizi yanamtaja kama mwanzilishi wa ukoo wa kifalme, ina ubao wa mchezo huu mbele ya miguu yake. Iko British Museum, London, tangu 1909. Mfalme mwingine alichongewa ngoma, yeye bao.

Waluba nao, jirani zetu wa magharibi, wanasimulia kwamba Nkongolo alishindwa katika michezo na Kalala Ilunga, kijana wa dada yake Bulanda. Mama ya Nkongolo akacheka, na Nkongolo kwa hasira akamzika mzima. Halafu akamtegea Kalala Ilunga shimo lenye mikuki, akalifunika kwa mkeka, akamwita aje kucheza ngoma juu yake. Kijana akaponyoka, akakimbilia kwa baba yake Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, akarudi na jeshi, na ukoo mpya ukaanza. Vitabu vingi vinamhesabu Kalala Ilunga kwa upande wa baba. Lakini Waholoholo na Watabwa, wanaofuata ukoo wa mama, wakisikia hadithi hiyo wanaona mambo ya kawaida: mpwa amerithi mjomba. Kosa la Nkongolo, kwa maoni yetu, halikuwa kushindwa. Alimfukuza mtu wa nyumba yake mwenyewe, na hata mtoto anayejifunza bao anajua kwamba nyumba haimwagwi ovyo.

Hata hivyo tusiupambe mchezo kupita kiasi. Kete haiulizwi inataka kupandwa kwa nani. Katika miaka ya 1880, wakati Rumaliza alikuwa na nguvu Ujiji, watu wengi wa upande wetu walikamatwa na kuvushwa ziwa, na wengine waliingizwa katika koo za machifu wa hapahapa. Zipo familia ambazo bibi wa zamani aliingia hivyo, bila mahari, bila ndugu wa kumsemea, na wajukuu hawapendi jambo hilo litajwe kwenye kilio au wakati wa kugawa urithi. Wazee wanaojua majina ya mabibi hao wamebaki wachache. Ukiwauliza nyumbani, mbele ya watoto, wananyamaza. Sisi tunawauliza pale chini ya mwembe, kete zikiwa mkononi, na pale wanasemaka.