Vali ya Nyumbani Mangobo

Katika historia ya maji ya bomba Mangobo, komuni ya Kisangani, swali kubwa ni hili: nani ana uwezo wa kuyafunga? Mji huo ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, Wabelgiji waliwatenga watu kwa makazi, Wazungu katikati ya mji na Waafrika pembezoni. Shirika la maji, Regideso, lililoundwa mwaka 1939, lilipeleka maji hadi ndani ya nyumba za Wazungu. Kwenye mitaa ya Waafrika, kama kwingine Kongo, watu walitegemea zaidi bomba la umma na foleni ya ndoo. Aliyechota hapo hakuwa na cha kufunga wala kufungua zaidi ya robine. Naamini mazoea hayo yalihamia uani pamoja na bomba: mpaka leo, kwa wengi, kuwa na maji maana yake ni kuwa na robine, na kuyafunga ni kazi ya shirika.

Lakini mwenye nyumba anaweza kuyafunga mwenyewe, akiwa na vali ya kuzuia maji yote yanayoingia kwake. Wapo watakaosema vali hiyo ni anasa pale ambapo maji yenyewe huja kwa kubahatisha. Mimi naona kinyume chake. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini kwa siku sita, umeme wa bwawa la Tshopo ulikatika, pampu zikasimama na watu wakarudi kuchota mtoni. Hali kama hiyo hurudi kwa kiasi kidogo kila umeme unapokatika. Bomba likikosa msukumo, maji machafu ya mtaroni hupenya kwenye nyufa. Msukumo ukirudi usiku, robine iliyoachwa wazi humwaga maji mpaka asubuhi, na mita inahesabu. Kungekuwa na vali iliyofungwa, maji hayo yasingemwagika, na fundi angebadilisha robine bila kumngoja mtu wa shirika.

Kuna hofu nyingine, kwamba vali huwarahisishia wakubwa kukata maji. Lakini vali ya shirika iko upande wa barabara, kabla ya mita. Ya mwenye nyumba hukaa baada ya mita, na ni yake. Tena achague ile ya mpini, inayofunga kwa robo mzunguko. Ya gurudumu hufunga polepole, na mchanga ukikwama ndani yake haikazi. Anayejenga Mangobo leo aiweke vali yake bomba likiwa bado halijafunikwa, kabla ya kumwaga saruji.