Nani anasoma mita? Kutoka kwa Barghash hadi kwenye ploti yetu hapa Eldoret

Leo tuache kidogo mambo ya programu za simu tuongee kuhusu kile kiboksi cha ukutani chenye taa nyekundu inayometameta. Ndiyo, mita ya stima. Nimeishi nayo miaka yote bila kuiuliza swali, mpaka juzi ilipotaka kutuvunjia ujirani.

Kisa chenyewe ni hiki. Ploti yetu ina nyumba nne na mita moja ya tokeni, nasi huchanga sawa. Tokeni zilipoanza kuisha haraka, wapangaji walimnyoshea kidole mama mmoja anayeuza maziwa, kwa sababu ana friji. "Friji yake haizimwi mchana wala usiku," walisema, "alipe mara mbili." Mimi na digrii yangu ya kompyuta nikatikisa kichwa kukubali! Baadaye nafsi ikanisuta, nikaomba wiki mbili nipime kwanza. Na mnavyonijua, nilipoanza kusoma jinsi ya kupima nikazama kwenye historia.

Historia ambayo Kenya Power hujisimulia huanzia Unguja mwaka 1875. Inasema Sultani Seyyid Barghash alinunua jenereta ya kuangazia jumba lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, akaichukua mashine hiyo na kuivusha hadi Mombasa, akaanzisha kampuni ya umeme huko. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya kusambaza umeme Nairobi. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadili jina kuwa Kenya Power and Lighting, KPLC. Wengi mnaijua hadithi hii.

Kinachonivutia mimi ni jambo jingine. Katika jumba la Sultani hakukuwa na haja ya mita. Mwenye mashine ndiye mwenye taa, basi nani atamdai nani? Mita inazaliwa siku stima inapoanza kuuzwa, na tangu siku hiyo kuna swali la nani anaruhusiwa kuisoma.

Edison alipofungua kituo chake cha Pearl Street, New York, mwaka 1882, ilibidi apate njia ya kuwatoza wateja. Mita yake ilikuwa chupa zenye vibamba vya zinki ndani ya maji ya kemikali. Stima ikipita, zinki huhama kutoka kibamba kimoja hadi kingine. Mtu wa kampuni alikuja, akavichukua, akaenda kuvipima kwa mizani, kisha bili ikatoka. Mteja aliona nini? Chupa tu.

Mwaka 1889 Ottó Bláthy, mhandisi wa kiwanda cha Ganz kule Budapest, alisajili hataza ya mita ya kilowati-saa kwa stima ya mkondo geu. Kutoka enzi hiyo tukapata ile mita ya kisahani cha alumini kinachozunguka, ambayo baba zetu waliijua vizuri. Ukiwasha pasi, kisahani kinakimbia. Ukizima, kinatembea polepole. Sasa mtu wa kawaida aliweza kuona matumizi yake kwa macho. Lakini waliokuwa wakikitazama ni wachache. Nyumbani kwetu msoma mita alikuja na daftari, mbwa wakabweka, akaandika namba, akaenda zake. Sisi tulisubiri bili.

Na hapa Sisibo je? Mwaka 1955 mto wetu Sosiani uliwekewa kituo kidogo cha kuzalisha umeme kwa maji, cha kilowati 400 tu. Kumbukeni hiyo namba, nitairudia. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeundwa kampuni ya kujenga laini kubwa kutoka Tororo hadi Nairobi ili kuleta umeme wa Owen Falls, Uganda. Laini hiyo ilipita Lessos, si mbali na hapa.

Mabadiliko makubwa kwa mtumiaji, kwa maoni yangu, yalikuja na tokeni. Kuanzia 2009 KPLC ilianza kuweka mita za kulipia kabla, na kwa kuwa M-Pesa ilikuwapo tangu 2007, ukawa unaweza kununua uniti za pesa kidogo ukiwa kitandani. Teknolojia yenyewe ilitoka Afrika Kusini na inaitwa STS. Kwa mtu wa programu ni kitu kitamu sana! Mita haihitaji intaneti. Zile tarakimu 20 ndizo ujumbe wote: zimebeba kiasi cha uniti na muda tokeni ilipotengenezwa, zikafungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake. Ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali kwako.

Muda huo ulihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, ukawekwa kwenye biti 24. Wenzangu mshaanza kucheka. Biti 24 ni dakika 16,777,216, ambazo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu mwaka huo wateja walitumiwa namba za ziada za kuingiza kwenye mita kabla ya tokeni yenyewe. Mita ambayo haikusasishwa ingekataa tokeni mpya. Mtu aliamua ukubwa wa namba miaka ya tisini, na mamilioni ya watu wakabonyeza vitufe miaka thelathini baadaye.

Tokeni ilitufundisha kutazama salio. Ila salio halikuambii nani amekula. Hapo ndipo ile taa nyekundu inapoingia. Kwenye mita yetu imeandikwa kwamba humeta mara 1000 kwa kila uniti. Nilibandika kihisi cha mwanga juu yake kwa gamu, nikakiunganisha na ESP8266, kompyuta ndogo kama kiberiti, bila kugusa waya wowote wa stima (msijaribu kugusa!). Hesabu ni nyepesi: gawanya 3600 kwa sekunde kati ya mmeto na mmeto, utapata wati. Sekunde 33 ni kama wati 110. Sekunde 0.8 ni wati 4500.

Kutambua kifaa kwa kutazama mita kuu pekee si ubunifu wangu. George Hart alianza kazi hiyo MIT miaka ya 1980: kila kifaa kikiwaka, mchoro hupanda ngazi ya urefu wake. Friji ya mama ilionekana wazi, wati 110, inawaka dakika 20, inapumzika 30. Jumla uniti moja na kidogo kwa siku. Kisha saa kumi na moja na nusu alfajiri, na baridi yetu mnaijua, mchoro unaruka hadi wati 4500. Shawa ya stima. Zipo mbili kwenye ploti, na moja ni yangu. Robo saa ninayooga mimi inakula sawa na friji yake usiku na mchana! Shawa mia moja kama hiyo zikiwaka pamoja zingemaliza kituo chote cha Sosiani cha 1955, kilowati 400.

Niliwaonyesha majirani mchoro siku ya Jumapili. Nilitahayari, lakini nilionyesha. Mama akautazama kwa muda mrefu kisha akaniuliza, "Kijana wangu, hii kitu yako inajua pia mimi naamka saa ngapi?"

Inajua. Saa kumi kasoro anawasha taa apange maziwa. Ijumaa moja hakulala nyumbani, na hilo pia lilikuwamo. Hart mwenyewe aliandika mwaka 1989 kwamba mbinu yake inaweza kuwa chombo cha kuchungulia watu majumbani, nami nilikuwa nimeipita makala hiyo haraka nikitafuta hesabu.

Usiku ule nilifuta hifadhidata yote na kubadili programu ihifadhi jumla ya siku tu. Mama analipa sawa na wengine. Wenye shawa tunaongeza, ingawa ni kiasi gani bado tunabishana, na jirani yangu wa shawa ya pili ameanza kuchemsha maji kwa gesi.