Pointi 8 juu ya 20: nirudie ao niache?

Ndugu zangu wanafunzi, ninyi mafinalisti na ninyi mulioshika diploma tayari, leo nataka kuwaelezea historia. Lakini nitaanzia kwenye ubao wa matokeo, juu hapo ndipo historia ilinikuta.

Nilikuwa mwaka wa pili wa udaktari wa meno, mbali na kwetu Bukavu. Siku walibandika matokeo ya sesyo ya pili, nilitafuta jina langu kwa wale waliopita, sikulikuta. Nililikuta chini: anatomia 8 juu ya 20, biokemia 7. Nikapigia mama simu. Yeye anauzisha vitenge sokoni, na minervali yangu ilitoka mule.

"Mama, niko nafikiria kuacha."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Unaacha juu haiwezekani, ao unaacha juu ya haya?"

Sikuwa na jibu. Likizo ile nikarudi nyumbani, na babu yangu, aliyekuwa infirmie tangu wakati wa Wabeleji, akanianzishia habari ambayo sikufundishwa darasani.

Wakati wa ukoloni, Mkongomani hakuwa na njia ya kuwa daktari katika inchi yake. Cheo cha juu alichoweza kufikia katika kazi ya uganga kilikuwa asistenti wa udaktari. Masomo yake yalikuwa marefu na magumu, naye alitibu, alishona vidonda, wengine walipasua wagonjwa. Lakini cheo cha daktari kilikuwa cha mzungu. Chuo kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville, kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na kile cha Elisabethville mwaka 1956. Hivi tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Kongo ilipandisha bendera yake bila daktari Mkongomani hata mmoja aliyemaliza chuo kikuu. Wanafunzi wa kwanza wa Lovanium walikuwa bado kwenye benchi.

Wiki chache nyuma yake, fujo ikaanza na madaktari wengi Wabeleji wakaondoka. Hospitali zikabaki na mainfirmie na maasistenti. Umoja wa Mataifa ukaleta madaktari wa kigeni kuziba pengo. Tena Shirika la Afya Duniani likasaidia kutuma makumi ya wale maasistenti Ufaransa, wakamalizie masomo na warudi wakiwa madaktari kamili.

Babu akaniambia: "Fikiri, mjukuu. Mtu ana bibi na watoto, ametibu batu miaka na miaka, mtaani banamwita munganga. Halafu anarudi kukaa kwenye benchi na vijana, anaulizwa maswali kama mtoto. Unaona haikuwa haya?"

Nilielewa kitu. Wale hawakurudi darasani juu walikuwa wajinga. Mlango ulikuwa umefungwa, na ulipofunguliwa, waliingia. Mimi mlango wangu ulikuwa wazi. Shida yangu ilikuwa ingine, na ilinipasa kuitaja kwa jina lake.

Lakini tusidanganyane na ile hotuba ya "usikate tamaa." Historia ya meno yenyewe ina onyo. Horace Wells alikuwa daktari wa meno mjini Hartford, Marekani. Desemba 1844 alivuta gesi ya kuchekesha, akang'olewa gego lake mwenyewe bila kusikia maumivu. Januari 1845 akaenda Boston kuonyesha jambo hilo mbele ya wanafunzi wa udaktari. Mgonjwa akapiga kelele, watu wakamcheka, wakamwita mdanganyifu. Wells mwenyewe alisema mfuko wa gesi uliondolewa mapema mno. Kosa lilikuwa la dakika chache; wazo lilikuwa sawa. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, William Morton, aliyekuwa mwanafunzi wake, alitumia etha na akafaulu. Wells akaendelea kujijaribia dawa mwilini mwake, klorofomu ikamharibu akili, akafa gerezani New York mwaka 1848, akiwa na miaka 33.

Basi kushindwa mara moja hakukumaanisha Wells alikosea njia. Lakini kuendelea tu, bila kujua ni nini kilishindikana na bila mtu wa kukushika mkono, nako kunaweza kukumaliza.

Niliporudi chuoni nikachukua karatasi, nikaandika masomo yote. Kazi za mikono, kuchonga meno ya nta, kujaza tundu: zote nilikuwa juu ya 13. Nilichoanguka ni masomo ya kukariri, na ukweli ni kwamba nilisoma silabasi usiku wa mwisho, juu mchana nilikuwa nauza kredi za simu nipate kula. Vidole vyangu havikuwa na shida. Saa zangu ndizo zilikuwa na shida.

Nikarudia mwaka. Nikaweka mpaka: mwaka mmoja tu, na nikianguka tena naenda kwenye afya ya jamii bila kulia. Mjomba alikubali kulipia chakula, nikaacha kuuza kredi siku za juma. Nilipita kwa pointi 12, bila sifa kubwa. Leo naingia kazini kila asubuhi, na wagonjwa hawajawahi kuniuliza anatomia nilipata ngapi.

Mwenzangu wa chumba aliandika karatasi ileile. Yake ilionyesha kinyume: alipita nadharia, lakini mkono ulitetemeka na damu ilimuumiza roho. Akaacha, akaenda laboratware. Ni fundi wa kweli sasa. Wote wawili tuliamua muzuri, yeye kwa kuacha, mimi kwa kubaki.

Babu hayuko tena. Wewe uliyeona jina lako chini ya ubao wiki hii, ninakuachia karatasi na ulizo la mama yangu: unaacha juu haiwezekani, ao unaacha juu ya haya? Jibu kwanza. Kisha piga simu nyumbani.