Domeni za Kiarabu na Kirusi: Doo Iko, Lakini Jichunge

Domeni ni jina la saiti, ile kitu unaandika kwa brauza. Kitambo herufi zilikuwa a mpaka z pekee. Mei 2010, Misri, Saudia na Emirati zikawa nchi za kwanza kupata vimalizio vya herufi zao, na Novemba Urusi ikafungulia raia .рф.

Wasee wa hii kazi hununua jina mapema, wanalikalia kama ploti, halafu wanauzia mwenye analihitaji. Kabla utoe doo, shika haya:

Jina lina sura mbili. Mitambo ya intaneti husoma Kilatini tu, so jina hugeuzwa kuwa kodi inayoanza na xn--. Ukiiona usishtuke, ni lako.

Imeili bado ni noma. Kuna programu na fomu zinakataa hizo anwani, na mnunuzi atakuguzia hapo akishusha bei.

Ada ni ya kila mwaka. Majina 20 yasiyouzika ni bili 20.

Usiguze jina la kampuni. "а" ya Kirusi inafanana na yetu, na matapeli huitumia kutengeneza saiti feki. Mwenye chapa akilalamika, sheria za ICANN zinaweza kukunyang'anya jina bila kukulipa.

La mwisho ndilo kubwa: lugha. Kamusi itakupea neno sahihi lenye hakuna mtu hutafuta. Kiswahili chetu ni Kilatini, so hapa hauchezi nyumbani. Kama huna beshte anaongea hiyo lugha, weka ganji yako mfukoni.