Alama ya biashara iliyogeuka neno la kawaida

Alama ya biashara iliyogeuka neno la kawaida ni jina la bidhaa ambalo mwanzoni lilitambulisha kampuni moja tu, lakini baadaye likawa jina la aina nzima ya bidhaa, bila kujali imetengenezwa na nani. Mifano inayojulikana katika nchi nyingi ni aspirini, zipu na themosi. Katika Afrika ya Mashariki, Watanzania huita *bajaji* karibu kila chombo cha abiria chenye magurudumu matatu, na nepi za kutupwa huitwa *pampasi* hata kama zimetoka kiwanda kingine.

Kwa kampuni yenye jina, hali hii ina faida na hasara. Inaonyesha kwamba bidhaa yake imeenea kuliko zote. Lakini katika nchi nyingi, jina likishakuwa neno la kila mtu, mwenyewe anaweza kunyang'anywa haki ya kulitumia peke yake.

## Sababu

Kwa kawaida jina la chapa hugeuka neno la kawaida katika mazingira yafuatayo:

* Bidhaa ilikuwa ya kwanza ya aina yake, na watu hawakuwa na neno lingine la kuiita.
* Jina la kitaalamu ni refu au gumu kutamka, na jina la chapa ni fupi.
* Kampuni ilitawala soko kwa muda mrefu, hasa pale ilipolindwa na hataza. Hataza inapokwisha, wengine huanza kutengeneza kitu kilekile, na wanunuzi huendelea kukiita kwa jina walilolizoea.
* Kampuni yenyewe ililitumia jina lake kama neno la kawaida katika matangazo.

## Msingi wa kisheria

Kazi ya alama ya biashara ni kumjulisha mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Kwa sababu hiyo neno linalotaja tu aina ya kitu haliwezi kumilikiwa na mfanyabiashara mmoja. Mtu hawezi kusajili neno "sukari" kwa ajili ya kuuza sukari, kwa sababu angewazuia wauzaji wengine kutaja bidhaa zao.

Kanuni hiyohiyo hutumika kwa neno lililoanza kama chapa. Nchini Marekani, sheria ya alama za biashara ya mwaka 1946 (Lanham Act) inaruhusu usajili kufutwa wakati wowote kama alama imekuwa jina la kawaida la bidhaa. Swali kuu ni jinsi umma unavyolielewa neno: je, mnunuzi akilisikia anafikiria kampuni au anafikiria kitu? Katika Umoja wa Ulaya, alama inaweza kufutwa ikiwa imekuwa jina la kawaida katika biashara kutokana na vitendo vya mwenye alama au kwa sababu alikaa kimya.

Katika Afrika ya Mashariki, alama za biashara husajiliwa na BRELA kwa upande wa Tanzania Bara, BPRA kwa upande wa Zanzibar, na KIPI nchini Kenya. Usajili hufanywa kwa kila nchi, hivyo neno moja linaweza kuwa mali ya kampuni katika nchi moja na neno huru katika nchi nyingine.

## Mifano ya kihistoria

Aspirin ilisajiliwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwaka 1899. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliilazimisha Ujerumani kuachia haki za jina hilo katika baadhi ya nchi zilizoshinda, zikiwemo Uingereza na Ufaransa. Nchini Marekani, mwaka 1921 jaji Learned Hand aliamua kwamba kwa wanunuzi wa kawaida neno hilo lilimaanisha dawa yenyewe, si dawa ya Bayer. Hata hivyo Aspirin bado ni alama ya Bayer nchini Ujerumani, Kanada na katika nchi nyingine nyingi.

Escalator, yaani ngazi zinazojiendesha kwa umeme, ilikuwa alama ya kampuni ya lifti ya Otis. Mwaka 1950 Ofisi ya Hataza ya Marekani iliifuta. Moja ya sababu ilikuwa kwamba Otis yenyewe ilikuwa imelitumia neno hilo katika matangazo na hataza zake kama jina la kawaida la kifaa.

Thermos ni jina la chupa ya kutunza joto iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1904. Kwa miaka mingi wauzaji wake nchini Marekani walifurahia kuona jina lao likiwa neno la nyumbani. Walipokuja kuishtaki kampuni shindani ya Aladdin, mahakama iliamua kwamba neno hilo limeshakuwa la umma, na mwaka 1963 mahakama ya rufaa ilikubaliana na uamuzi huo. Mshindani aliruhusiwa kuandika "thermos" kwa herufi ndogo pamoja na jina lake, na mwenye alama akabakiziwa haki chache.

Walkman, kicheza kaseti cha mkononi cha Sony, ilipoteza ulinzi nchini Austria mwaka 2002 baada ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo kuona kwamba neno hilo limekuwa la kawaida katika Kijerumani.

## Jinsi kampuni zinavyojilinda

Njia ya kwanza ni kutaja aina ya bidhaa kila mara pamoja na jina. Tangazo hutakiwa kusema "mashine ya kunakili ya Xerox", si "xerox" peke yake. Xerox ilitoa matangazo kwa miaka mingi ikiwaomba watu wasilitumie jina lake kama kitenzi. Wimbo wa tangazo la plasta za Band-Aid nao uliongezewa neno lenye maana ya "chapa". Mwaka 2017 kampuni ya Velcro ilitoa video ya wimbo wa kuchekesha ikiwasihi watu waache kuita kila kitambaa cha kunata kwa jina lake.

Njia nyingine ni kuwaandikia wahariri na watunga kamusi, na kuwashtaki washindani wanaolitumia jina. Lakini kampuni haina uwezo wa kumzuia mtu wa kawaida kusema apendavyo.

Si kila jina linalotumika ovyo hupotea. Neno "google" liliingia katika kamusi ya Kiingereza ya Oxford kama kitenzi mwaka 2006. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa nchini Marekani ilikataa kuifuta alama ya Google. Ilieleza kwamba watu kulitumia jina kama kitenzi hakutoshi. Ni lazima ithibitishwe kwamba neno limekuwa jina la huduma zote za utafutaji.

## Katika Kiswahili

Kiswahili kimepokea majina mengi ya chapa, mengine kwa tahajia yake ya asili na mengine kwa matamshi ya Kibantu. Mengi kati ya hayo bado ni alama zinazolindwa kisheria, ingawa katika mazungumzo yamekuwa maneno ya kawaida:

* *bajaji*: kutoka Bajaj Auto ya India, hutumika hata kwa vyombo vya TVS na Piaggio. Nchini Kenya chombo hicho huitwa *tuktuk*.
* *katapila*: kutoka Caterpillar ya Marekani, mashine kubwa ya kuchimba au kusukuma udongo.
* *kiwi*: rangi ya viatu, kutoka chapa iliyoanzishwa Melbourne, Australia, mwaka 1906.
* *vaselini*: mafuta mazito ya kujipaka, kutoka Vaseline.
* *Omo*: sabuni ya unga ya kufulia.
* *Colgate*: dawa ya meno ya aina yoyote.
* *Jik*: dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hasa nchini Kenya.
* *nissan*: nchini Kenya, matatu ya abiria 14, hata ikiwa imetengenezwa na Toyota.

Jambo linalofanana na hili lilitokea kabla ya sheria za kisasa za alama. Katika karne ya 19, kitambaa cha pamba kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani kiliitwa *merikani*. Neno hilo halikuwa chapa bali lilitaja asili ya kitambaa, na baadaye likabaki kuwa jina la kitambaa cha aina hiyo.

## Athari kwa mnunuzi

Mara nyingi mazoea haya hayana madhara. Anayeagiza "Omo" dukani akapewa sabuni nyingine ya unga bado atafua nguo zake. Hata hivyo anaweza kulipa bei ya chapa moja na kupata ubora wa nyingine bila kutambua.

Katika dawa, suala ni zito zaidi. Watu wengi huita kila kidonge cha maumivu *Panadol*. Kiambato cha Panadol ni parasetamoli, ambacho kimo pia katika dawa nyingi za mafua zenye majina tofauti. Anayemeza dawa mbili akidhani ni vitu tofauti anaweza kuzidisha kiasi cha parasetamoli, na kuzidisha dawa hii huharibu ini. Kwa sababu hiyo ni muhimu kusoma jina la kiambato kwenye pakiti, si jina la chapa pekee.

## Hali ya kinyume

Wakati mwingine neno la umma ndilo hugeuzwa kuwa mali ya kampuni. Mwaka 1994, ilipotoka filamu ya *The Lion King*, The Walt Disney Company iliomba kusajili nchini Marekani maneno "Hakuna matata" kwa ajili ya nguo, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Maneno hayo yalikuwa yakitumiwa na wasemaji wa Kiswahili kabla ya filamu hiyo, na tayari yalikuwa katika wimbo maarufu wa bendi ya Them Mushrooms ya Kenya. Mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia saini ombi la mtandaoni la kupinga usajili huo. Usajili haumzuii mtu kuyatamka maneno hayo. Unahusu matumizi yake kama alama ya kuuzia bidhaa zilizotajwa, na ndani ya Marekani tu.

Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili nchini humo neno "kikoy", linalotokana na *kikoi*, vazi la pwani ya Afrika ya Mashariki. Wadau wa Kenya na washirika wao walipinga kwa hoja kwamba neno hilo ni jina la kawaida la vazi, na kwamba usajili ungewazuia wafumaji kuuza vikoi kwa jina lake. Maombi hayo hayakufanikiwa.

## Tazama pia

* Alama ya biashara
* Hataza
* Hakimiliki
* Maneno ya mkopo