Kiwanja cha Nyumba ya Mungu

Mabishano juu ya viwanja vya kusali si mapya katika inchi yetu. Mwaka 1885, mataifa yaliyokutana Berlin yaliahidi kwamba katika bonde la Kongo watu wa kila dini wataweza kujenga nyumba zao za ibada bila kuzuizwa. Lakini tarehe 26 Mei 1906 Leta ya Mfalme Leopold II ilipatana na Roma: misioni ya Kikatoliki ipewe hekta 100 hata 200, bure na kwa siku zote, nayo ifungue masomo. Waprotestanti, ambao wengine wao walikuwa wamefunua mateso ya kazi ya mpira, walinyimwa viwanja mara nyingi. Nao wazee wetu, wenye udongo, hawakuulizwa neno.

Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Vatikano ulifundisha wazi: dini zisizuizwe kujenga nyumba zao za ibada. Basi, Waprotestanti ao Waislamu wakiomba kiwanja karibu na parokia, tusikimbilie kwa wakubwa ili wanyimwe. Haki tunayoidai sisi ni yao pia.