Ubwoba

Kirundi kinaandika vitu viwili kwa neno moja: ubwoba ni woga, ubwoba ni uyoga. Mwaka 1994 mtaalamu Bart Buyck alitoa kitabu kiitwacho Ubwoba, juu ya uyoga unaoliwa magharibi mwa Burundi. Vita vilikuwa vimeanza Oktoba 1993. Hebu fikiria jina hilo, mwaka huo.

Mimi nasimama kwa ule wa manjano. Chini ya kofia hauna yale mapazia membamba kama kurasa za kitabu, una mikunjo tu, inashuka mpaka kwenye mguu. Wazungu walikuwa na wa kwao, Cantharellus cibarius, na zamani waliubandika jina hilo hata wa Afrika. Paul Heinemann wa Ubelgiji ndiye aliyetenganisha aina nyingi za Kongo. Mwaka 1966 aliandika mbili za Katanga, symoensii na platyphyllus. Mama zetu hawakumngoja, walikuwa wanazijua kwa macho na pua.

Uyoga huu haupandwi bustanini. Unaishi na mizizi ya miti ya miombo, wanalishana. Na miombo iko Rumonge, iko na huku Kigoma, mpaka haiujui.

Bibi mmoja wa kambini kwetu alijua pa kwenda mvua ilipoanza. Ila kutoka bila kibali ni kosa. Walimkuta porini, beseni likamwagwa.

Siku hizi anawachorea vijana wangu kwenye vumbi: mikunjo, siyo kurasa. Waliozaliwa hapa wanaijua ubwoba ile moja tu.